Shajara ya slasha: kutafuta shia bolti inayojua kukatika

Jumatatu 5 Mei

Slasha, mashine ya kukata majani inayovutwa na trekta, imeshushwa karakana leo mchana. Upana wa kukata ni mita 1.5, visu viwili vya kubembea, na itavutwa na trekta yetu ya farasi 50 ambayo kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine, inatoa kama 42 hivi. Tumeinunua mkononi kwa mtu, bila kitabu, na pale palipokuwa na kibati cha mtengenezaji yamebaki matundu manne ya ribiti. Giaboksi iliyokuja nayo imekufa. Nimeifungua: gia kubwa ya kuingilia ina meno 27, ndogo inayozungusha visu ina 14, na hiyo ndogo imepoteza meno matatu yaliyofuatana. Vipande nimevikuta chini kwenye oili, kingo zimesagika.

Giaboksi nyingine tunayo stoo, meno yaleyale, na yenyewe kibati chake kinasomeka: farasi 50 kwa mizunguko 540. Kuifunga si kazi kubwa. Ila sitaki kuifunga halafu nayo ife kifo kilekile, kwa hiyo kabla ya kuigusa nimeanza na shafti inayoleta mzunguko kutoka kwenye trekta hadi kwenye giaboksi.

Kichwa cha shafti, upande wa giaboksi, kina flenji mbili, sahani nene za chuma, zinazogusana. Moja ni ya habu inayokaa kwenye meno sita ya giaboksi, nyingine ni ya yoki, ule uma unaobeba krosi ya kiungo cha shafti. Kinachozifanya zizunguke pamoja ni bolti moja tu, nayo ndiyo shia bolti. Kisu kikigonga kisiki kikakwama, bolti inakatika, yoki inazunguka bure, dereva anasikia mlio umebadilika na anatoa PTO. Hasara inakuwa bolti.

Niliyoikuta mle ni ya alenki, M10, yaani unene wa milimita 10, kichwani imeandikwa 12.9, namba ya ugumu. Tundu la awali lilikuwa dogo kuliko hapo. Mtu amelipanua kwa drili ya mkono na limekwenda upande. Ni wazi mwenye mali alichoka kubadilisha bolti, akaenda dukani akaomba ngumu kuliko zote, kama wale wanaopigilia msumari mahali pa fyuzi. Bolti ile haina hata mkwaruzo. Meno ya gia ndiyo yaliyolipa.

Jumanne 6 Mei

La leo limenishangaza kuliko la jana. Nimeitoa ile bolti ya alenki, nikaishika yoki niizungushe kwa mkono. Haikwenda. Nikatia spana ya bomba nikaning'inia. Haikwenda. Flenji mbili zimeshikana kwa kutu, na nipo, ile chuchu ya kupitishia grisi iliyopo ubavuni, imezibwa na rangi, tena rangi mpya ya kuuzia.

Maana yake ni kwamba hata kama angeweka kijiti cha mwembe badala ya ile 12.9, trekta ingeendelea kuisukuma giaboksi vilevile. Kutu ilikuwa imeshika kazi ya bolti. Watu wengi wanabishana juu ya bolti gani iwekwe na hakuna anayeitoa kwanza ajaribu kama yoki inazunguka bila hiyo bolti. Isipozunguka, namba iliyoandikwa kichwani haina maana yoyote.

Tumepasha kwa moto wa gesi, tumemwagia dizeli, tumegonga taratibu kwa nyundo ya shaba tukizunguka pande zote, ikaachia jioni. Ndani habu ina mikwaruzo lakini haijachimbika. Nimeisugua kwa msasa, nimeweka nipo mpya, nimepiga grisi mpaka ikatokeza pande zote mbili. Sasa inazunguka kwa vidole.

Dereva wetu, mtu mzima aliyeanza kuendesha trekta kwenye mkonge kabla sijazaliwa, alisimama pembeni akitazama.

"Zamani sisi hapo tulikuwa tunapiga grisi kila asubuhi kabla ya chai, fundi."

"Na hii je, mzee?"

"Hii waliipiga rangi."

Jumatano 7 Mei

Leo hesabu. Kitabu hakipo, kwa hiyo bolti sahihi lazima itokane na vitu tunavyoweza kuvipima wenyewe.

Farasi 42 ni kilowati 31.3. Zidisha kwa 9,549, gawa kwa mizunguko 540, unapata nguvu ya kuzungusha ya Nm (nyutoni-mita) 550 kwa kukadiria. Hicho ndicho trekta inachokipeleka kwenye shafti ikifanya kazi kwa nguvu zake zote bila kushtuka. Nimepima kwa vernia kutoka katikati ya shafti hadi katikati ya tundu la bolti: milimita 48. Kwa hiyo bolti inabeba 550 gawa kwa 0.048, yaani kama kilonyutoni 11.5.

Lakini majani hayaji kwa utulivu. Kuna kichaka kinene, kuna kichuguu, kuna mlingoti wa mkonge ulioanguka mwaka juzi ukajificha. Bolti inayokatika kwenye 550 itakatika kila ukiingia nafasi mpya kati ya mistari ya mkonge, na dereva atakayebadilisha bolti kutwa nzima ndiye yule atakayeomba ya alenki kesho. Mpaka wangu wa chini nimeuweka mara moja na nusu: Nm 825.

Mpaka wa juu unatoka kwenye giaboksi. Farasi 50 kwa 540 ni Nm 660. Gia hustahimili zaidi ya hapo kwa kitambo kidogo, lakini sipendi zione zaidi ya mara mbili. Hiyo ni 1,320. Kwa hiyo natafuta bolti itakayokatika baina ya 825 na 1,320. Mwingine angeweza kuiweka mipaka mahali tofauti kidogo. Mimi giaboksi ya tatu sina.

Sasa namba za kichwani. Kwenye 8.8, namba ya kwanza mara mia ni nguvu ya kukatika ikivutwa, nyutoni 800 kwa milimita ya mraba. Ya pili inasema chuma kinaanza kulegea kikifika asilimia 80 ya hapo, yaani 640. Kukatwa kwa ubavu, kama shia bolti inavyokatwa, huhitaji kama sehemu sita kwa kumi ya nguvu ya kuvuta. Kwa 8.8 tunapata 480. Mwili wa M8 usio na uzi una eneo la milimita za mraba 50.3, ambazo ukizidisha kwa 480 zinatoa kilonyutoni 24, na kwenye milimita 48 zetu hiyo ni Nm 1,160.

Nimezipiga nyingine kwa njia hiyohiyo, zote zikikatwa mahali pasipo na uzi:

M8 ya 4.6: Nm 580
M10 ya 4.6: Nm 905
M8 ya 8.8: Nm 1,160
M8 ya 10.9: Nm 1,450
M10 ya 8.8: Nm 1,810
M10 ya 12.9: Nm 2,710

Ya mwisho ndiyo iliyokuwemo. Mara nne ya kile giaboksi ilichoandikiwa, achilia mbali kutu.

Mbili zinaingia kwenye mipaka: M10 laini ya 4.6, na M8 ya 8.8. Kwa karatasi zote zinafaa, na tundu tayari limeshakuwa la M10, kwa hiyo njia rahisi ingekuwa ile ya kwanza. Naikataa kwa sababu mbili. Bolti laini hujipinda kabla ya kukatika, ikabana ndani ya tundu, na kuitoa shambani bila nyundo na tindo haiwezekani. Pili, tundu la M10 ni mlango ulio wazi: siku bolti laini zikiisha, kijana atachukua M10 yoyote aliyoikuta stoo, na karibu zote za stoo ni 8.8 za trela. Tundu la milimita nane linakataa lenyewe.

Tunarudi M8.

Alhamisi 8 Mei

Tanga mjini kutafuta bolti. Kazi ambayo ingekuwa ya nusu saa imekula asubuhi yote, na si kwa sababu bolti hakuna.

Bolti za M8 zimejaa kila duka la vifaa. Nilipoanza kuzigeuza vichwa nikakuta makundi matatu. Zipo zisizo na alama yoyote. Zipo zenye 8.8 pamoja na herufi za mtengenezaji. Na zipo zenye 8.8 peke yake, hakuna herufi wala nembo. Kiwango cha ISO 898-1 kinataka alama ya mtengenezaji ikae pamoja na namba ya daraja, kwa hiyo hilo kundi la tatu nililitilia shaka hapohapo, lakini nimenunua kidogo ili nilijaribu.

Shida kubwa ni uzi. Karibu zote za urefu huo zina uzi mwili mzima. Uzi ukiangukia mahali flenji mbili zinapokutana, eneo linalobeba si 50.3 tena, ni 36.6, na ile 1,160 yangu inashuka hadi 843. Bado iko juu ya mpaka wa chini kwa unywele tu. Mbaya zaidi, kila bonde la uzi ni mahali pa ufa kuanzia, na ncha za uzi zinakwangua tundu kila shafti inapotikisika.

"Nataka ya nusu uzi, kaka."

"Bolti ni bolti, bosi. Hii inashika vizuri zaidi."

Nikamwambia hii nataka ikatike. Akanitazama kidogo, akaenda nyuma, akarudi na boksi lenye vumbi.

Vipimo vya kuchagua urefu: flenji ya yoki ni milimita 12, ya habu ni 14. Bolti ya M8 ya nusu uzi yenye urefu wa 40 ina uzi milimita 22 na sehemu laini 18. Zinapokutana flenji ni kwenye 12, kwa hiyo mkato unapita kwenye sehemu laini na zinabaki milimita sita za usalama. Baada ya flenji zote mbili, washa na nati lok, ile isiyolegea yenyewe, unabaki mkia wa milimita nne. Inatosha, na haitokezi kiasi cha kunasa majani.

Jumatatu 12 Mei

Bushi, yaani kipande cha chuma kigumu chenye tundu kinachovikwa ndani ya tundu la flenji. Hii ndiyo sehemu ambayo mafundi wengi wanairuka, na naamini ndiyo iliyoanzisha msiba wa slasha hii.

Tundu likianza kulika huwa yai. Bolti ndani yake haikai wima, inalala. Kila trekta ikiongeza au kupunguza moto, yaani kasi ya injini, bolti inagongwa mbele na nyuma, inapinda, inachoka, inakatika bila hata kugonga kitu. Mwenye mashine anaona bolti zinakatika ovyo, anasema ni dhaifu, anaweka kubwa. Kubwa inalila tundu zaidi. Ndivyo mtu anavyofika kwenye 12.9, hatua kwa hatua, na kila hatua ikionekana ya busara.

Mzee wa mashine ya kukereza ametusafishia matundu yote mawili mpaka milimita 16, yakiwa yamefungwa pamoja ili yasipishane. Bushi zimetoka kwenye hafu shafti ya lori iliyovunjika: tumelainisha kipande kwa moto, akakereza, akatoboa tundu la 8.2, kisha tukakipasha tena mpaka kikaiva wekundu na kukizamisha kwenye oili. Faili sasa inateleza juu yake. Nimezisukuma ndani kwa jeki, na nyuso za bushi zimekaa sawasawa na nyuso za flenji. Kingo zake nimekataza zisilainishwe. Kingo kali ndizo zinazokata bolti. Za mviringo zinaitafuna.

Jumanne 13 Mei

Majaribio. Sikutaka kuamini karatasi wala maandishi ya vichwani bila kuona bolti inakatika.

Shafti ya kuingilia ya ile giaboksi iliyokufa bado ni nzima. Tumeichomelea kwenye bamba nene, bamba likafungwa kwenye msingi wa zege wa injini ya zamani, shafti ikilala mlalo. Habu na yoki vikavishwa hapo na bolti ya kujaribiwa. Kwenye masikio ya yoki tukafunga bomba la inchi mbili lenye urefu wa mita tatu, likitokeza kama mkono. Bomba lina kilo 15. Kisha mfuko wa saruji wa kilo 50, umening'inizwa kwa kamba kwenye pete inayoteleza juu ya bomba, na kijana anausukuma kwa mti mrefu kuelekea nje, polepole, huku mimi nikisoma alama za chaki. Chini tumepanga matairi. Hakuna aliyeruhusiwa kusimama karibu na bomba.

Hesabu ni rahisi: uzito wa bomba kwenye kitovu chake, mita moja na nusu, ongeza mfuko kwa umbali ulipo, zidisha kwa 9.81.

Isiyo na alama ilianza kuinama mfuko ukiwa bado karibu, bomba likashuka taratibu, ikakatika kwenye sentimita 60. Hiyo ni Nm 515, chini ya kile trekta inachotoa ikifanya kazi kawaida. Kuitoa kwenye bushi ilibidi kugonga, kama nilivyohofia.

Ya 8.8 yenye herufi, uzi mzima: mita 1.3, yaani Nm 858. Karatasi ilisema 843.

Za 8.8 zisizo na herufi ndizo zilizonifurahisha kwa ubaya wake. Moja ilikatika kwenye sentimita 80, Nm 613. Nyingine kutoka boksi lilelile ikaenda mpaka mita 1.4, Nm 907. Bolti zinazotofautiana hivyo huwezi kuzipangia chochote. Nimezitupa kwenye ndoo ya kufungia mabati.

Ya nusu uzi yenye herufi haikuinama hata kidogo. Mfuko ulipita mita moja na nusu, bomba limetulia. Kwenye mita mbili ulisikika mlio mmoja mkavu na mfuko ukawa juu ya matairi. Nm 1,200. Niliyorudia ikafika 1,250. Vipande vilianguka vyenyewe kutoka kwenye bushi, uso wa mkato unang'aa, umelala mstari mmoja.

Najua mzigo wa polepole si sawa na pigo la kisiki. Kwa kulinganisha bolti na bolti unatosha.

Alhamisi 15 Mei

Giaboksi imefungwa, oili imejazwa, tumeingia shambani baada ya jua kukausha kidogo.

Mkonge wetu umepandwa mistari miwili miwili, mita moja kati yake, kisha nafasi pana ya karibu mita nne ambamo trekta inapita. Majani masika hii yamefika kifuani. Kwenda na kurudi slasha inasafisha katikati, zinabaki kingo za kumaliziwa kwa panga. Nyapara aliwaondoa watu wote mbali kabla hatujawasha, na nimekagua minyororo ya mbele na nyuma ya slasha pete kwa pete. Kwa gia za 27 kwa 14, ncha ya kisu inakwenda karibu kilomita 295 kwa saa. Jiwe likitoka hapo halichagui.

Nafasi za mwanzo zilikwenda vizuri. Katikati ya shamba, kishindo cha chuma, halafu injini ikapumua. Mzee alishatoa PTO kabla sijafika. Nikafikiri kisiki. Tulipopekua majani tulikuta reli.

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukaanzia Kikogwe kule Pangani, na mashamba yaliyokuja baadaye yalitandikwa reli nyembamba za troli za kusomba majani hadi kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi. Troli zimekwisha siku nyingi, reli nyingi zimeng'olewa zikauzwa chakavu, lakini vipande bado vimo ardhini, na mvua inavifukua kidogo kidogo. Hiki kilikuwa kimeinua kichwa kiasi cha kiganja.

Kisu kimepata pengo. Bolti imekatika palepale flenji zinapokutana. Yoki inazunguka kwa vidole, gia za ndani nimezizungusha kwa mkono na hazina kelele. Spana mbili za namba 13, bolti mpya, tukaendelea. Mzee alikiweka kile kipande mfukoni. Reli tumeizungushia utepe mpaka ing'olewe.

Jumatatu 19 Mei

Mwishoni mwa wiki alipanda dereva kijana, na bolti zimekatika mahali pasipo na kisiki wala reli. Asubuhi alinipokea na jibu mkononi.

"Shikamoo fundi. Tuweke ya kumi tu, hizi za nane hazina nguvu."

Nilimwomba vipande kwanza. Hapo ndipo unapojua. Bolti ya reli ilikatika kwa uso safi, wote wa rangi moja. Hizi zina uso wa rangi mbili: sehemu nyeusi nyeusi yenye mistari ya nusu mwezi, imesuguliwa muda, halafu sehemu ndogo inayong'aa iliyokatika mwisho. Hiyo ni bolti iliyochoshwa, haikuzidiwa kwa pigo moja.

Nikamwambia afanye kazi nimwone. Anapanda, anavuta moto wa injini juu, ndipo anaingiza PTO kwa kuachia klachi ghafla. Visu vizito vimesimama, shafti inataka 540 papo hapo, na katikati yao kuna milimita nane za chuma. Akifika mwisho wa nafasi anakata moto mara moja ageuze. Sasa visu ndivyo vinavyokimbia na kuisukuma shafti kinyume, kwa sababu slasha yetu haina klachi ya kuachia upande mmoja. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, kila mwisho wa mstari.

Mzee alipanda akamwonyesha bila maneno mengi: injini chini, kama mizunguko elfu moja, klachi inaachiwa taratibu mpaka visu vizunguke, ndipo moto unapandishwa. Mwisho wa nafasi moto unashushwa kidogo kidogo. Hakuna kilichobadilika kwenye bolti, na tangu hapo bolti iliyofungwa asubuhi ndiyo iliyorudi jioni.

Nimekagua pia bushi: kingo bado kali, tundu bado duara. Nati zilikuwa zimekazwa kwa nguvu zote. Nimemwelekeza aache kukaza hivyo. Nati lok ishike tu flenji zisicheze. Ukizibana sana, msuguano wa flenji unabeba sehemu ya mzigo na bolti inakatika juu ya pale tulipopanga.

Ijumaa 23 Mei

Jirani ameleta slasha yake, ya Kimarekani, baada ya kusikia habari za mfuko wa saruji. Anataka apewe bolti kama zetu. Nimekataa mpaka nipime.

Yake haina flenji. Bolti inapita katikati ya shafti ya giaboksi, upande hadi upande, ikishikilia yoki. Ikikatika inakatika mahali pawili kwa pamoja, lakini kila mkato uko kwenye nusu ya kipenyo tu, milimita 17.5 kwa shafti ya inchi moja na tatu ya nane. M8 yetu ya 8.8 hapo ingekatika kwenye Nm 840 hivi, na trekta yake inatoa farasi 60 kwenye PTO, ambazo ni 790. Angebadilisha bolti kutwa.

Mashine nyingi za aina hiyo hutaka bolti ya nusu inchi ya gredi 2, ile ya Kimarekani isiyo na mistari kichwani. Nimeipigia hesabu: inatoa kama Nm 1,350, mara 1.7 ya trekta yake. Nimeelewa sasa kwa nini walichagua laini na nene. Aliyokuja nayo ina mistari sita kichwani, gredi 8, ambayo hapo inafika 2,750. Nilipomwuliza aliipata wapi akasema alishauriwa.

Hapa petu lakini "isiyo na mistari" ni hatari, kwa sababu bolti za milimita zisizo na alama nazo hazina mistari, na M12 ukiitazama kwa haraka unaweza kuidhania nusu inchi. Spana inazitenganisha: nusu inchi ya Kimarekani inataka robo tatu, M12 inataka namba 18 au 19.

Yoki yake nayo haizungushwi kwa mkono. Ameiacha karakana, kesho moto wa gesi.

Kwenye bodi ya slasha yetu nimeandika kwa rangi nyeupe, juu ya kifuniko cha shafti: M8 × 40, 8.8, NUSU UZI, NATI LOK. Mtunza stoo ameweka boksi lake peke yake lenye kofuli, na la jirani limeandikwa INCHI pande zote nne. Nipo ya grisi nimeizungushia duara jekundu, na kijana ndiye anayepiga bomba la grisi kila asubuhi.